Daftari na Mtu Aliyeandikwa

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Kila mwenye duka, wa pwani na wa bara, anaijua methali hii hata kama hakupata kuisoma kitabuni. Lakini methali hiyo yanena juu ya mali tu. Juu ya watu haisemi neno. Je, mtu naye akiisha kuandikwa daftarini amesalimika? Au yamkini mtu akapotea ndani ya daftari lile lile lililokusudiwa kumhifadhi? Na akipotea humo, nani wa kulaumiwa: aliyeandika, aliyeamuru aandikwe, au aliyelichora daftari?

Swali hili si la kupitishia wakati. Katika Afrika ya Mashariki yetu vijana wengi waliokwisha kupata shahada ya kwanza sasa wanatafuta shahada ya uzamili katika usanifu wa mifumo ya habari na teknolojia ya biashara. Hao ndio watakaochora madaftari ya kesho: ya hospitali, ya mishahara, ya mikopo, ya shule na ya kura. Nimeuchagua mji wa Juba uwe mfano wetu, kwa kuwa huko jambo hili laonekana waziwazi kuliko kwingineko.

Chuo Kikuu cha Juba kilianzishwa mwaka 1975, kikahamishiwa Khartoum mwaka 1989 kwa sababu ya vita, na baada ya mkataba wa amani wa mwaka 2005 kikaanza kurejea kwao. Nchi yenyewe ilipata uhuru tarehe 9 Julai 2011. Tangu siku hiyo ililazimika kuanzisha kwa mkupuo mmoja mambo ambayo nchi nyingine zilijijengea kwa vizazi: orodha ya watumishi, hati za uraia, sarafu yake na hesabu za benki yake. Haishangazi basi kwamba vijana wa Sudan Kusini huiona elimu ya mifumo ya habari kuwa elimu ya kujenga taifa, na wengine huvuka mpaka kuifuata Kampala na Nairobi. Hawakukosea. Taifa lisilojua watu wake wako wapi haliwezi kuwapelekea dawa wala vitabu.

Kwanza na tukubaliane juu ya maana. Mwenye kulisikia jina la elimu hii hudhani kwamba ni elimu ya kompyuta, ile mashine ambayo baadhi yetu tuliiita ngamizi na wengine tarakilishi. Mashine ni sehemu tu ya jambo lenyewe. Mfumo wa habari ni mpango mzima ambao kwa huo jambo lililotokea hushuhudiwa na mtu, huandikwa, huhifadhiwa, hupelekwa kwa mwenye madaraka ya kuamua, na uamuzi wake hurudi kwa wale waliohusika. Kwa maana hiyo daftari la mahudhurio la mwalimu ni mfumo wa habari. Kitabu cha madeni cha mchuuzi wa soko la Konyo Konyo mjini Juba ni mfumo wa habari. Kompyuta imeongeza wepesi na umbali. Asili ya kazi haikuibadili.

Msanifu wa mfumo, basi, ni yule anayeamua daftari liwe na safu ngapi, kila safu iulize nini, majibu yapi yakubaliwe na yapi yakataliwe, nani aruhusiwe kusoma na nani aruhusiwe kusahihisha. Hayo yote huamuliwa kabla mwandishi hajashika kalamu. Hoja yangu ya kwanza ni hii: kuchora safu ni kutoa hukumu. Anayeamua swali gani liulizwe ameamua pia jambo gani litaonekana na lipi litafichika. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga. Na asiyekuwa na safu yake, hata akiwepo, lake halipo vilevile.

Historia ya Juba yatupa ushahidi. Mkataba wa amani wa mwaka 2005 uliagiza kwamba sensa ifanyike, kwa kuwa mgawanyo wa madaraka kati ya kaskazini na kusini ungetegemea idadi ya watu. Sensa ikafanyika mwaka 2008. Matokeo yaliyotangazwa mwaka 2009 yalisema kwamba kusini mlikuwa na watu 8,260,490, yaani kama watu 21 katika kila watu 100 wa Sudan nzima. Serikali ya kusini iliikataa hesabu hiyo, ikilalamika kwamba haikupewa takwimu ghafi ili izikague yenyewe. Sasa tazama: hesabu ni elimu isiyojua upande, mbili na mbili ni nne Khartoum na Juba pia. Hata hivyo watu walishindwa kukubaliana, kwa sababu upande mmoja ulikuwa umeshika daftari na wa pili uliambiwa jumla tu. Kidonda hicho kilichelewa kupona. Uchaguzi mkuu uliokusudiwa kufanyika Desemba 2024 uliahirishwa hadi Desemba 2026, na kutokuwapo kwa sensa kulikuwa miongoni mwa sababu zilizotajwa.

Lakini kabla hata ya ubishi wa jumla palikuwa na ubishi wa safu. Viongozi wa kusini walitaka dodoso la mwaka 2008 liulize kabila na dini ya kila mtu. Mwishowe maswali hayo mawili yaliachwa. Huenda msomaji akashangaa kwamba kuna watu waliotaka kuulizwa kabila lao. Sababu yao yaeleweka: katika dola iliyojitangaza kwa miaka mingi kuwa ya utamaduni mmoja na dini moja, kuhesabiwa kwa jina lako mwenyewe ilikuwa njia ya kusema kwamba upo.

Sasa tuvuke Ziwa Viktoria tufike Rwanda. Huko utawala wa Wabelgiji, katika miaka ya 1930, uliweka kabila la mtu katika kitambulisho chake. Karani aliyeijaza safu hiyo labda alikuwa mtu mpole, na aliyeichora labda alitaka tu utaratibu wa ofisi. Miaka 60 baadaye, mwaka 1994, kitambulisho hicho kiliulizwa kwenye vizuizi vya barabarani, na safu moja iliamua nani apite na nani auawe. Juba nayo ilionja uchungu wa namna hiyo. Vita vilipozuka usiku wa tarehe 15 Desemba 2013, watu wa kabila la Nuer walisakwa na kuuawa mjini humo, kama Tume ya Uchunguzi ya Umoja wa Afrika ilivyoeleza baadaye. Waliowasaka walitumia lugha na alama za usoni. Msanifu wa leo hana budi kujiuliza: ingekuwaje kama wangalikuwa na orodha kamili, yenye majina, mitaa na nambari za simu?

Safu ile ile, basi, ilidaiwa na wengine kama haki na ikawaua wengine. Kwa hiyo haifai kutafuta kanuni moja nyepesi ya kusema kwamba safu hii ni njema siku zote na ile ni mbaya siku zote. Linalofaa ni kuuliza maswali matatu kila mara: nani ameiomba safu hii? Nani ataisoma, leo na baada ya serikali hii kupita? Na je, yule aliyeandikwa anaweza kuiona, kuisahihisha, au kuifuta? Daftari huishi zaidi kuliko nia ya aliyelichora. Nia njema ya leo si dhamana ya matumizi ya kesho.

Tuje sasa kwenye jambo linalotugusa sisi walimu. Mwaka 2013 ulianzishwa Sudan Kusini mpango wa elimu ya wasichana, uliogharimiwa na Uingereza na kuendeshwa pamoja na Wizara ya Elimu ya nchi hiyo. Ndani ya mpango huo shule zilituma mahudhurio ya wanafunzi kwa ujumbe mfupi wa simu, na takwimu hizo zikawekwa wazi ili zisomwe na yeyote. Wasichana wa kuanzia darasa la tano la msingi hadi mwaka wa nne wa sekondari walipewa fedha taslimu za kuwasaidia kubaki shuleni, kwa sharti la kuandikishwa na kuhudhuria. Mpango huo wastahili sifa. Katika nchi ambayo mvua hukata barabara kwa miezi, simu ya mwalimu iliweza kufikisha Juba habari ambazo gari lisingefikisha. Hapa kuna usanifu uliotazama hali halisi ya mahali.

Naomba kuchukua kutoka mpango huo sura yake ya jumla tu, niitumie kama mfano wa kufikiria. Tuseme katika shule fulani kuna msichana wa darasa la saba ambaye mama yake ni mgonjwa. Siku tatu za juma hukaa nyumbani akimwuguza mama, akichota maji na kuuza mboga ili wadogo zake wale. Siku mbili huja shuleni, na huja na kazi yake aliyoifanya usiku. Tuseme pia kwamba daftari la mwalimu lina majibu mawili tu: yupo, hayupo. Akiandika ukweli, msichana atakosa sharti, fedha zitakatwa, na ile kamba nyembamba inayomfunga na shule itakatika. Akiandika kwamba yupo, atakuwa amesema uongo katika hati ya serikali, na uongo ule, ukijumlishwa na wa walimu wengine elfu wenye huruma kama yeye, utaidanganya nchi nzima juu ya hali ya watoto wake. Mwalimu afanye nini?

Wako watakaojibu kwamba ukweli ni ukweli. Immanuel Kant, mwanafalsafa wa Ujerumani wa karne ya 18, alishikilia kwamba uongo hauhalalishwi hata na nia ya kumsaidia mtu. Wako wengine watakaojibu kwamba sharti liliwekwa kwa ajili ya mtoto, wala mtoto hakuwekwa kwa ajili ya sharti. Kwa hiyo mwalimu na aandike kwamba yupo, Mungu atamwelewa. Mabishano haya ni ya zamani, nayo yana uzito pande zote mbili. Mimi naona kwamba pande zote mbili zimemtazama mtu asiyestahili kutazamwa peke yake. Zimemhukumu mwalimu, nazo zimemsahau mtu wa tatu, ambaye hayumo darasani wala hakupata kulifikia: yule aliyeamua kwamba majibu yawe mawili.

Msanifu yule angaliweza kuweka jibu la tatu: hayupo, na sababu yake yajulikana. Angaliweza kuweka jina la mtu wa kuisikia sababu hiyo, na muda wa siku kadhaa kabla fedha hazijakatwa. Hayo hayahitaji mashine ya bei kubwa. Yanahitaji kwamba, wakati wa kuchora, mtu mmoja awe amefikiri juu ya msichana yule. Hoja yangu ya pili, nayo ndiyo kiini cha makala haya, ni hii: mfumo mwema ni ule usiomlazimisha mwandishi mwaminifu kuchagua kati ya uongo na ukatili. Mfumo unaomlazimisha hivyo umekwisha kukosa kabla haujaanza kutumika, na kosa lake ni la kimaadili hata kama mashine yake haikupata kuharibika siku moja.

Hapana budi nijibu pingamizi mbili, kwa maana nimezisikia zikitolewa na watu wenye akili.

Ya kwanza ni ya mlinzi wa hazina. Husema: ukifungua mlango wa sababu, mwizi naye ataingia na sababu zake. Nchi zetu zimeumizwa na majina hewa. Ukali ndio dawa. Pingamizi hii si ya kudharau. Tanzania mwaka 2016 iliondoa katika orodha ya mishahara majina zaidi ya 10,000 ya watumishi hewa. Kusini mwa Sudan, hata kabla ya uhuru, ofisi ya utumishi wa umma ilianza kuingiza mishahara katika mfumo wa kielektroniki ili kupambana na balaa hilo hilo. Fedha anayolipwa asiyekuwapo ni fedha aliyonyang'anywa mwalimu aliyepo.

Lakini hebu tulitazame jina hewa kwa makini. Mtumishi hewa haugui. Hafiwi. Hachelewi kazini kwa sababu mto umefurika. Haombi ruhusa ya kumzika mjomba wake. Hajifungui wala haoi. Mwezi hata mwezi yupo, yupo, yupo, na saini yake ni safi. Kwa hakika hakuna kumbukumbu iliyo kamili kama ya mtu ambaye hakupata kuzaliwa. Mtu wa kweli ndiye mwenye mapengo na sababu. Kwa hiyo daftari lenye majibu mawili tu ndilo makao mazuri ya mtu hewa, kwa kuwa halimdai chochote ambacho hewa haiwezi kutoa. Daftari linaloyapa maisha ya mtu nafasi yake ni gumu kughushi, kwani mwongo atalazimika kubuni ugonjwa, msiba, na jirani wa kuushuhudia. Mlinzi wa hazina na mwenye huruma, ambao tulidhani ni mahasimu, wanahitaji daftari la namna moja.

Pingamizi ya pili ni ya fundi. Husema: mimi ni fundi tu, mwenye nyumba ndiye aliyesema anataka vyumba vingapi. Hapa nauliza: fundi akiambiwa ajenge nyumba ya watu ishirini isiyo na mlango wa pili, na nyumba hiyo ikaungua, je, atajitetea kwamba aliambiwa? Kila taaluma yenye heshima ina mambo ambayo mwenye taaluma huyakataa hata akilipwa. Mganga hatoi sumu. Mwalimu hauzi mtihani. Taaluma isiyo na neno la kukataa bado ni ajira tu, na shahada ya uzamili inayompa mtu ustadi bila kumpa neno hilo imempa nusu ya elimu.

Neno hilo lahitajika sana katika upande wa biashara. Tangu Kenya ilipoanza M-Pesa mwaka 2007, fedha zimehamia simuni, na Juba nayo ilipata huduma ya m-Gurush mwaka 2019. Ni neema kwa mwanamke wa sokoni ambaye zamani alilazimika kutembea na noti kiunoni. Lakini nyuma ya fedha za simu ilikuja mikopo ya simu. Nchini Kenya wakopeshaji wengine walichukua majina yote yaliyomo katika simu ya mkopaji, na alipochelewa kulipa wakawapigia mama yake, mwajiri wake na jirani zake ili kumwaibisha. Malalamiko yalizidi hata sheria ya mwaka 2021 ikawaweka wakopeshaji hao chini ya Benki Kuu. Programu ile ya kukusanya majina haikujiandika. Iliandikwa na mtu aliyesoma, tena yamkini aliisoma elimu hii tunayoizungumza. Aliujua mwiko wa kwetu kwamba mama hadaiwi deni la mwanawe mbele za watu. Alifundishwa kupanga data. Kama alifundishwa pia kusema hapana, hatujui, lakini hakusema.

Katika mwaka 1976 Joseph Weizenbaum, mtaalamu wa kompyuta wa chuo cha MIT huko Marekani, alitoa kitabu akihimiza kwamba kuna kazi ambazo kompyuta haifai kukabidhiwa hata kama inaziweza. Alitenganisha kuhesabu na kuamua. Lugha yetu imeyaweka maneno hayo mawili karibu kwa sauti na mbali kwa maana: hesabu na hukumu. Hesabu yaweza kufanywa na yeyote, popote, bila kumjua mtu. Hukumu yahitaji anayehukumu asimame mahali ambapo aliyehukumiwa anaweza kumjibu. Balaa ya mifumo mingi ni kwamba hukumu huvikwa nguo za hesabu. Msichana wetu hakuambiwa na mtu yeyote kwamba hastahili. Aliambiwa kwamba siku zake hazikutimia. Amhojie nani?

Sisi walimu wa Kiswahili tuna jambo la kuchangia hapa, tena kubwa. Tazama neno habari lenyewe. Kabla ya kuwa jina la mifumo, neno hili ni salamu. Tunapokutana tunaulizana habari za nyumbani, za watoto, za kazi. Na kila aliyelelewa katika lugha hii anajua kwamba jibu huja kwa hatua. Kwanza husema njema, kwa adabu. Kisha hukaa kidogo. Kisha huongeza: ila mama hajambo kidogo tu, ila mvua ilitupita, ila mdogo wangu hatujui alipo. Habari ya kweli imo baada ya ila. Aliyeondoka baada ya kusikia njema ameondoka bila habari.

Na neno ila lina maana mbili. Ni kiunganishi cha kutoa, kama isipokuwa. Tena ni nomino, maana yake dosari au kasoro. Msanifu asiyejali huzichanganya maana hizo: kila kisichoingia katika safu zake, kila isipokuwa, hukiona kuwa dosari ya kuondolewa. Msanifu mwenye hekima hujua kwamba ila ya mtu si ila yake. Huacha nafasi ya kuandikwa isipokuwa, naye humweka mtu wa kuisoma.

Wanafunzi wa uzamili wafundishweje basi? Naona mambo matatu. Kwanza, kabla hajachora, mwanafunzi na akae na wale watakaojaza daftari na wale watakaoandikwa humo: mwalimu wa kijijini, muuguzi wa zamu, mchuuzi wa Konyo Konyo. Akae nao siku za kutosha hata waache kumjibu njema. Pili, asome sheria. Uganda na Kenya zilitunga sheria za kulinda taarifa za watu mwaka 2019, na Tanzania mwaka 2022. Nchini Kenya, Januari 2020, Mahakama Kuu iliamua kwamba mpango wa Huduma Namba usiendelee bila kanuni kamili za kuwalinda wananchi. Miongoni mwa walioufungua mgogoro huo ni Wanubi, ambao wazee wao walikuja kutoka Sudan katika jeshi la Waingereza, na ambao lugha yao, Kinubi, ni ndugu wa Kiarabu cha Juba. Kwa miaka mingi Wanubi walipata taabu kupewa vitambulisho. Waliojua uchungu wa kukosekana daftarini ndio waliouliza daftari jipya litawafanyia nini.

Tatu ni lugha. Mtu akiombwa alama za vidole vyake, lazima aelezwe kwa lugha anayoielewa zinakwenda wapi. Juba ofisi huandika Kiingereza, na soko husema Kiarabu cha Juba. Kiswahili nacho kimeingia, kwa waliokulia ukimbizini Kakuma na Uganda, na kwa uanachama wa Sudan Kusini katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2016. Ridhaa iliyotolewa kwa karatasi isiyosomeka si ridhaa. Hapa vyama vyetu vina kazi ya kufanya: kutoa istilahi zinazoeleweka za data, ridhaa, usiri na haki ya kusahihisha, na kuzipeleka darasani Juba kabla mashine hazijafika na maneno yao yaliyokwisha kufungwa.

Mwalimu Nyerere alipata kumfananisha msomi na kijana aliyepewa chakula chote cha kijiji chenye njaa ili apate nguvu za kwenda mbali kuleta chakula zaidi. Asiporudi, ni msaliti. Mfano huo wawahusu pia vijana wetu wa mifumo ya habari, ila kwao kuna sharti la ziada. Kurudi tu hakutoshi. Arudipo na daftari lake jipya, lazima kila aliyemlisha aweze kujiona humo, alisome jina lake, na mahali palipokosewa aseme: hapana, sivyo, mimi si huyo. Na pawepo mtu wa kumsikia.